PUMZI KWANZA, MIZANI BAADAYE
Somo la afya kwa vikundi: unene, sukari ya damu, na nguvu za moyo na mapafu

Mara nyingi tukikutana huwa tunazungumza habari za mbuzi, matuta na mikopo. Leo tuzungumze habari za mwili wenyewe unaolima hayo matuta na kuwachunga hao mbuzi.

Somo hili lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kikundi. Mmoja asome, wengine wasikilize, na kila penye swali msimame mjadiliane kwanza kabla ya kuendelea. Mkilifanya lote na majaribio yake litawachukua kama saa mbili, kwa hivyo mnaweza kuligawa mara mbili. Mtahitaji kamba ndefu, saa (hata ile ya simu yatosha), na daftari la kikundi.

KISA CHA KUANZIA

Tuseme kuna mama mmoja, mwanachama wa kikundi kama chenu. Anakaa Voi mjini na ana kibanda cha nguo karibu na stendi. Asubuhi hupanda bodaboda mpaka kibandani, hukaa kitini mpaka jioni, kisha hurudi nyumbani kwa bodaboda. Uzito wake ni kilo 94. Alikuwa na uchovu usioisha, akaenda hospitali, akapimwa sukari asubuhi kabla ya kula kitu. Ikawa 6.5. Daktari akamwambia, "Mama, kisukari bado hujapata, lakini uko njia panda. Punguza uzito, na ufanye mazoezi."

Mama akajitahidi kweli. Akaachana na bodaboda, akawa anatembea mbio mbio nusu saa kila asubuhi kwenda kazini. Miezi miwili ikapita. Siku ya mkutano akapanda mizani mbele ya wenzake: kilo 93. Moja tu! Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama, viatu ndivyo vilivyokonda, wewe bado." Naye akacheka nao, lakini moyoni aliumia. Kesho yake akarudia bodaboda.

Swali la 1: Je, mama huyu alitembea bure? Kila mtu atoe maoni yake. Andikeni kwenye daftari ni wangapi wamesema ndiyo na wangapi wamesema la. Tutayarudia majibu hayo mwisho wa somo.

SUKARI INAVYOSAFIRI MWILINI

Tukila ugali, muhogo, ndizi, wali, mkate au mahamri, tumbo huvivunjavunja vyakula hivyo vikawa sukari. Sukari hiyo huingia kwenye damu, na damu huisambaza mwili mzima. Kwa hivyo sukari ya damu si adui. Ni kuni za mwili. Shida huanza pale kuni zinapokosa kuingia jikoni, zikabaki zimerundikana njiani.

Ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli, ni lazima mlango ufunguliwe. Anayepiga hodi ni insulini. Hii ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Mwili ukiwa salama, insulini hupiga hodi mara moja, misuli huitikia "karibu", na sukari huingia. Baada ya mlo, misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari. Ini nalo huweka akiba.

Sasa mafuta yakizidi mwilini mambo hubadilika. Hasa ni yale mafuta yaliyojazana tumboni kuzunguka matumbo, na yale yanayojipenyeza ndani ya ini na ndani ya misuli yenyewe. Hapo hodi haisikiki vizuri. Insulini inapiga, mlango haufunguliwi. Kongosho likiona sukari bado imejaa kwenye damu, linatuma insulini zaidi, na zaidi tena. Hali hii wataalamu huiita ukinzani wa insulini. Sisi tunaweza kusema tu kwamba mwili umekuwa sugu, hausikii hodi.

Jambo la kuogopesha ni kwamba haumwi popote. Mtu anaweza kukaa miaka mingi hivyo. Akipimwa sukari inaonekana sawa, kumbe kongosho linafanya kazi ya punda wawili. Siku likichoka, sukari inapanda na haishuki, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Kikiachwa kinaharibu macho, figo, mishipa ya moyo na miguu.

(Kuna pia kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani. Hicho hakiletwi na unene. Kongosho huwa limeacha kutoa insulini, na mgonjwa lazima adungwe insulini siku zote. Somo hili halimhusu yeye, na mtu asimlaumu mzazi wa mtoto kama huyo.)

MLANGO WA UANI

Nyumba nyingi zina mlango wa mbele na mlango wa uani. Misuli nayo iko hivyo. Insulini hupiga hodi mlango wa mbele. Lakini misuli inapofanya kazi, inapojikaza na kulegea kama tunapopanda kilima, hufungua mlango wa uani ambao hauhitaji hodi ya insulini. Sukari inapita huko. Hata mtu ambaye mwili wake umekuwa sugu, mlango huu wa uani kwake bado unafunguka.

Tena kuna faida ya pili. Mtu akishamaliza kutembea na kuketi, misuli yake hubaki ikisikia hodi ya insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili hivi. Baadaye hurudi ilivyokuwa. Ndiyo maana kutembea sana siku moja, kisha kukaa wiki nzima, hakusaidii sana. Kanuni ni hii: usipitishe siku mbili mfululizo bila kuutoa mwili jasho.

PUMZI NI NINI?

Tukisema fulani ana pumzi tuna maana gani? Pumzi ni kazi ya watu watatu. Mapafu huvuta hewa, moyo husukuma damu iliyobeba hewa hiyo, na misuli huitumia. Mmoja akilegea, mtu huanza kuhema akipanda ngazi tatu tu.

Ndani ya misuli mna majiko madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Humo ndimo sukari na mafuta huchomwa ili tupate nguvu. Mtu akikaa tu, majiko hupungua. Akifanya kazi ya kumpandisha pumzi, wiki baada ya wiki, majiko huongezeka, mishipa midogo ya damu huongezeka, na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mwenye majiko mengi anazichoma kuni zake. Mwenye majiko machache anazirundika, na rundo lenyewe ndiyo mafuta.

Kwa hivyo chukueni watu wawili wenye kilo sawa na kimo sawa. Yule mwenye pumzi, mara nyingi insulini yake hufanya kazi vizuri kuliko ya mwenzake. Na mtu mwembamba ambaye hawezi kupanda kilima bila kusimama mara tano asijidai kwamba yeye hayamhusu. Huko Dallas, Marekani, watafiti waliwapima wanaume zaidi ya 8,000 pumzi zao kwa mashine, kisha wakawafuatilia kwa miaka kama sita. Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Wanaume wenye pumzi ndogo kabisa walikuwa katika hatari ya kupata kisukari zaidi ya mara tatu kuliko wale wenye pumzi nyingi.

Jamani, tuelewane hapa. Hatusemi unene hauna neno. Mafuta ya tumboni yana madhara yake, na mtu akipunguza uzito anasaidika. Tunachosema ni kwamba pumzi ni faida yenyewe, na tena huja mapema kuliko kukonda. Mtu anaweza kutembea miezi miwili, mizani isisogee sana, na huku mafuta ya tumboni na ya kwenye ini yanapungua na mwili umeanza kusikia hodi. Mizani inapima uzito peke yake. Haijui moyo unapigaje.

Swali la 2: Ni nani katika kikundi chetu ambaye ni mnene lakini ana pumzi? Ni nani mwembamba lakini anahema upesi? (Msitajane kwa kuchekana. Kila mtu ajiseme mwenyewe akipenda.)

YALIYOONEKANA KWINGINE

Mwaka 1986 katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 waliokuwa njia panda kama yule mama wetu waligawanywa kufuatana na kliniki zao. Baadhi hawakupewa mpango wowote maalumu. Wengine walifundishwa habari ya chakula, wengine mazoezi, na wengine yote mawili. Baada ya miaka sita, kati ya kila watu 100 ambao hawakuwa na mpango, karibu 68 walikuwa wamepata kisukari. Kati ya kila 100 waliofanya mazoezi, ni kama 41 tu.

Huko Marekani nako, mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa na uzito uliozidi na sukari iliyoanza kupanda. Wengine walipewa dawa ya metformini. Wengine walipewa lengo la kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao. Dawa ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 31. Kutembea pamoja na kula kwa kiasi kulipunguza kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 94, asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi. Hakuambiwa awe mwembamba kama msichana wa shule!

NA KWETU JE?

Wilaya yetu ya zamani, sasa kaunti, ni nchi ya vilima. Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa wafanye mazoezi. Kuteka maji bondeni, kupanda na mzigo wa kuni, kwenda sokoni kwa miguu na kurudi kabla ya giza, hayo yote yalikuwa mazoezi.

Siku hizi lami imefika, bodaboda ziko kila kona, maji kwa wengine yako mlangoni. Tunashukuru. Hakuna anayetaka mama mjamzito arudie kubeba jerikeni kutoka bondeni. Lakini tukubali kwamba mzigo ulipotuondoka kichwani, pumzi nayo iliondoka, na sahani haikupungua. Aliyehamia mjini anakula ugali ule ule wa mtu aliyelima siku nzima, na juu yake anaongeza soda na chipsi.

Utafiti wa Wizara ya Afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanaume ni chini ya 2 kati ya 10. Na watu karibu 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu zaidi. Mtu atajuaje yuko njia panda na hajawahi kuangalia njia?

Kuna jingine la kusema wazi. Kwetu unene umeheshimiwa. Mama akinenepa watu husema, "Bwana anamtunza." Na katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipotuingilia, mtu akikonda alinyooshewa vidole. Wengi tungali na hofu ile mpaka leo: tunaogopa kukonda kwa sababu ya maneno ya watu. Tena mwanamke mzima akionekana anatembea mbio mbio bila mzigo wala safari, ataulizwa, "Kwani umefiwa?" Kwa hivyo kutembea peke yako ni vigumu. Hapo ndipo kikundi kinapofaa.

Swali la 3: Hapa kwetu watu wanasemaje kuhusu mtu aliyenenepa? Na aliyekonda? Maneno hayo yanatusaidia au yanatuumiza?

HEBU TUJIPIME

Vipimo hivi vitatu havihitaji pesa.

1. Kipimo cha kamba. Simama wima bila viatu. Mwenzako achukue kamba, apime kimo chako toka unyayoni mpaka utosini, aikate hapo. Sasa ikunje katikati. Izungushe kiunoni, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Nusu ya kamba ikikuzunguka na ncha zikakutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mikono na miguu ni myembamba. Weka kamba yako uandike jina. Mama mjamzito asipimwe hivi.

2. Kipimo cha shingo. Angalia nyuma ya shingo na makwapani. Kuna watu ngozi ya hapo huwa nyeusi, nene, laini kama mahameli. Wengi hudhani ni uchafu, wakajisugua kwa jiwe mpaka wakachubuka. Si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi mwilini kwa sababu ya usugu. Dawa yake si jiwe. Mtu huyo aende apimwe sukari.

3. Kipimo cha njia. Chagueni njia moja ambayo kila mtu anaijua, kama kutoka shuleni mpaka zahanati, ikiwezekana yenye kilima kidogo. Kila mwanachama aitembee haraka awezavyo bila kukimbia, na dakika zake ziandikwe kwenye daftari. Mtairudia njia ile ile kila mwezi. Dakika zikipungua, pumzi imeongezeka.

MPANGO WA WIKI 12

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi inayopandisha pumzi. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Asiyezoea asianze na nusu saa. Aende polepole namna hii:

Wiki ya 1 na ya 2: dakika 10, siku tano.
Wiki ya 3 na ya 4: dakika 15, siku tano.
Wiki ya 5 na ya 6: dakika 20, siku tano.
Wiki ya 7 na ya 8: dakika 25, siku tano.
Wiki ya 9 hadi ya 12: dakika 30, siku tano.

Mwendo uwe gani? Utajua kwa mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba wimbo mzima, huo ndio mwendo wenyewe. Ukiimba bila taabu, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Kuanzia wiki ya tano, walio na nguvu wachanganye: dakika moja haraka sana au kilimani, dakika mbili taratibu, kisha warudie.

Kazi ya shamba nayo yahesabiwa ikiwa inakupandisha pumzi. Anayelima kwa jembe asubuhi nzima au kupanda Sagalla na mzigo hahitaji kuambiwa atembee tena jioni. Mwenye kuendesha bodaboda au kuuza duka ndiye tunayemsema zaidi, kwa maana anashinda ameketi.

Mtu aliyekosa nafasi ya nusu saa aigawe. Dakika 10 au 15 baada ya kila mlo zinafaa sana, kwa sababu wakati huo ndipo sukari inapopanda, na mlango wa uani ukifunguliwa inashuka. Siku mbili kwa wiki ongezeni pia kazi ya nguvu za misuli: kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara 10. Pumzika, rudia mara mbili.

TAHADHARI

Zisomwe zote.

- Msitoke kabla jua halijachomoza wala baada ya kuchwa. Sisi tunajua ndovu wa Tsavo hawajali mazoezi ya mtu. Barabara kuu ya Mombasa na ile ya Taveta zina malori, kwa hivyo tembeeni njia za ndani.
- Jua la Voi ni kali. Tembeeni asubuhi au jioni mapema, na mnywe maji.
- Anayetumia insulini au tembe kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani. Dalili ni jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Abebe sukari au peremende mfukoni, na azungumze na daktari kabla ya kuanza.
- Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokataa kurudi: simama, usijikaze, enda hospitali.
- Mwenye kisukari asitembee pekupeku. Avae viatu visivyombana, na kila jioni aangalie nyayo zake kama kuna kidonda.
- Mtu asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea. Daktari pekee ndiye wa kupunguza dawa.
- Mwenye kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, macho kufifia au vidonda visivyopona, asingoje wiki 12. Aende apimwe kesho.

CHAKULA

Hatutasema mengi hapa. Kimanga chetu cha maharagwe ni chakula kizuri. Mboga za majani, mbaazi na kunde ni vizuri. Kinachotuponza ni kiasi, na sukari ya kunywa. Hebu kila mtu ahesabu vijiko vya sukari anavyoweka kwenye chai kwa siku moja, ajumlishe na soda. Anayeweka vitatu aanze na viwili, na wiki zijazo kimoja. Mboga zijaze nusu ya sahani, ugali ubaki robo, na maharagwe, samaki au nyama robo nyingine.

KAZI YA KIKUNDI

1. Chagueni watu wawili wa kutunza daftari la njia. Kila mtu aandikiwe dakika zake na kamba yake. Uzito unaweza kuandikwa, lakini uwe wa mwisho.
2. Gawaneni wawili wawili au watatu watatu kufuatana na mitaa. Ni vigumu kulala wakati mwenzako amesimama mlangoni.
3. Mwalikeni mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji walipewa mikoba yenye vifaa, pamoja na mashine ya kupimia sukari na ya presha. Mwulizeni kama ana vibanzi vya kupimia. Kama vimekwisha, kikundi kinaweza kuchanga, au kwenda pamoja zahanati.
4. Mkipimwa kabla ya kula asubuhi, kumbukeni namba hizi. Kuanzia 6.1 mpaka 6.9 ni njia panda. Kuanzia 7.0 kwenda juu ni dalili ya kisukari, na ni lazima kipimo kirudiwe hospitalini kabla mtu hajaitwa mgonjwa.
5. Kuanzia leo iwe ni sheria ya kikundi: hakuna kumcheka mtu kwenye mizani.

KURUDI KWA YULE MAMA

Sasa fungueni daftari, msome majibu ya swali la kwanza. Je, mama alitembea bure?

Hebu tuangalie tena. Nusu saa kila asubuhi kwa miezi miwili: mlango wake wa uani ulikuwa ukifunguliwa kila siku. Huenda majiko ya misuli yalikwisha kuanza kuongezeka. Huenda kamba yake ilikuwa imekaribia kukutana. Lakini hakuna aliyempima kiuno. Hakuna aliyeandika dakika zake za kwanza na za mwisho. Hakuna aliyemwambia arudie kipimo cha sukari. Alipimwa kwa kitu kimoja tu, kile kinachobadilika polepole kuliko vyote, kisha akachekwa. Kilichomrudisha kwenye bodaboda ni kile kicheko chetu.

Basi kama kuna mama wa namna hiyo katika kikundi chenu, au baba, mwendeeni wiki hii. Msiende na mizani. Nendeni na viatu, mmwambie, "Twende pamoja mpaka zahanati na kurudi, dakika 10 tu."

Swali la 4: Ni nani tutakayemwendea, na ni nani kati yetu atakayekwenda? Andikeni majina kabla ya kufunga mkutano, na mkutano ujao waliotumwa watoe ripoti.